Picha ya Kitu Kisichosubiri

Ukienda kupigwa eksirei ya kifua, maneno ni yaleyale kila mahali. Vua shati, sogea, kifua kiguse ubao, vuta pumzi, ishikilie, usitikisike. Kinasikika kimlio kidogo, unaambiwa haya, pumua. Baadaye unakabidhiwa ile bahasha kubwa ya kaki, na ukifika nyumbani kila mtu anataka kuchomoa filamu nyeusi aiinue dirishani, hata asiyejua mbavu zinaanzia wapi. Bibi yangu alizitunza zake juu ya kabati, pamoja na hati ya kiwanja.

Siku hizi hospitali nyingi zinatunza picha kwenye kompyuta, lakini amri haijabadilika. Usitikisike. Hiyo ndo bei ya picha: mwili usimame kwanza, ndipo uonekane.

Sasa hebu tujiulize. Kitu kisichoweza kusimama kinapigwaje picha ya ndani? Huwezi kuliambia bomu livute pumzi na kuishikilia. Huwezi kuiambia chuma inayoyeyuka ikusubiri utafute miwani. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za watu waliohangaika na swali hilo, hasa wale waliotumia protoni badala ya eksirei, na nimeona kwamba historia yao si ya mafundi wa kamera tu. Ni historia ya jicho moja lililolelewa na nyumba mbili, moja ya kuua na nyingine ya kuponya, na mpaka leo nyumba hizo hazijagawana urithi.

* * *

Tuanze na farasi. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya mbio ya tajiri mmoja, Leland Stanford, akakatisha nyuzi njiani. Farasi akipita anagusa uzi, uzi unafyatua kamera. Watu walikuwa wamebishana miaka mingi kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani. Wachoraji nao walizoea kumchora amenyoosha miguu ya mbele mbele, na ya nyuma nyuma, kama mtu anayeruka mtaro. Picha za Muybridge zilionyesha kwamba ni kweli miguu yote inaachana na ardhi, ila inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji wa karne nzima walikuwa wamekosea, na si kwa uvivu. Jicho la mtu haliwezi tu.

Naomba msomaji ushike jambo moja hapa, maana tutalirudia. Muybridge hakuwa na kamera moja yenye kasi ya kupiga picha 12 mfululizo. Alikuwa na kamera 12, kila moja ikipiga picha moja.

Miaka 17 baadaye, Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei katika maabara yake mjini Würzburg, Ujerumani. Desemba akapiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa ya vidole, na pete ikining'inia kwenye mfupa kama imeazimwa. Mama yule alilazimika kutuliza mkono kwa dakika kama 15.

Kwa hiyo karne ya ishirini ilianza ikiwa na macho mawili mapya. Moja lilikuwa na haraka lakini liliishia kwenye ngozi. Jingine lilipenya lakini lilikuwa la polepole. Nani angeyaoanisha? Kama kawaida ya karne ile, mshenga alikuwa vita.

* * *

Los Alamos, jimbo la New Mexico, Marekani, kiangazi cha 1944. Wanasayansi waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki walikuwa wamekwama. Njia yao ya kwanza ilikuwa kama bunduki: kipande kimoja kinapigwa kikagongane na kingine. Mwezi Julai ikathibitika kwamba kwa plutoni njia hiyo haifai, kwa sababu mlipuko ungeanza kabla vipande havijakutana sawasawa. Ikabaki njia moja, ngumu kuliko zote: kuzungushia tufe la plutoni baruti kali pande zote, kuilipua yote kwa wakati mmoja, na kulibana tufe lile kwa usawa mpaka liwe dogo zaidi.

Jaribu kulibana chungwa bivu kwa viganja viwili bila tone hata moja kuchuruzika kati ya vidole. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Upande mmoja ukitangulia kidogo tu, metali inachomoka upande wa pili na bomu linakuwa bure. Na utajuaje kama limebanika sawasawa? Jambo lenyewe linatokea ndani ya chuma, katikati ya moto na moshi, na linakwisha katika mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde.

Walijaribu kila jicho walilonalo. Walitumia eksirei za kumweka, yaani za mpigo mmoja mfupi. Walileta mashine iitwayo betatroni. Njia mojawapo iliyowasaidia sana iliendelezwa na mtaalamu wa Kitaliano, Bruno Rossi, na ilianza kufanyiwa majaribio Septemba 1944. Katikati ya tufe la metali ya kawaida aliweka lanthanamu yenye mionzi. Mionzi hiyo ilitoka nje ikipenya metali. Metali ikibanwa inakuwa nzito zaidi, na mionzi inayotoka inapungua. Pembeni viliwekwa vigunduzi vya kuhesabu upungufu huo, na ilibidi viwe na haraka kuliko kigunduzi chochote cha kabla yake. Katika majaribio ya mwanzo wapimaji walijifungia ndani ya vifaru vya jeshi.

Kilichonigusa zaidi ni hatima ya vigunduzi vyenyewe. Kila mlipuko uliviharibu. Lakini kabla ya wimbi la moto kufika, habari ilikwishakimbia kwenye waya mpaka kwenye kioo cha kupimia, na kamera ikaipiga picha. Kigunduzi kilisema neno moja, kikafa. Tangu hapo kanuni ya fani hii imebaki ileile: kinachohitajika ni habari itoke kabla kifo hakijafika.

Na hapa msomaji wa Kiswahili asijifanye mgeni kabisa. Urani iliyolisha mradi ule kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na ya sokoni. Zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilikuwa zimehifadhiwa Staten Island, New York, tangu 1940. Waliochimba hawakuambiwa mawe yanaenda kufanya nini. Picha za kilichokuwa kinapikwa Los Alamos zilipigwa kwa ustadi wa ajabu. Picha za waliochimba ni chache.

* * *

Miongoni mwa vijana wa Los Alamos alikuwemo Robert Wilson, mzaliwa wa Wyoming, mwaka 1914. Aliongoza kikundi cha saiklotroni, mashine ya kuzungusha protoni mpaka zipate kasi kubwa. Saiklotroni yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, imehamishiwa jangwani kwa ajili ya vita. Ujerumani ilipoonekana inaelekea kushindwa, Wilson aliitisha mkutano wa kujadili bomu hili litaifanya nini dunia. Watu walikuja, walizungumza, kisha wakarudi kazini. Mwenyewe naye alirudi kazini, na baadaye maishani alisema anajuta kwamba hakuondoka wakati ule.

Vita vilipokwisha aliachana na kazi za silaha. Akapewa jukumu la kubuni saiklotroni mpya ya Harvard, na mwaka 1946 akachapisha makala fupi katika jarida la madaktari wa mionzi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: protoni zenye kasi zinaweza kutibu saratani.

Kwa nini protoni? Fikiria daladala. Mwale wa eksirei ni kama gari linaloshusha abiria wengi tangu vituo vya mwanzo, na linaendelea kushusha njia nzima, hata kupita pale ulipotaka. Protoni ni tofauti. Inashusha mmojammoja njiani, inashusha mmojammoja, halafu ghafla kondakta anapiga kelele "mwisho wa gari!" na wote wanamwagika kituo kimoja. Mwanafizikia William Bragg alikwishaliona jambo hili mwaka 1904 kwa chembe za alfa. Wilson alichosema ni kwamba, ukiipa protoni kasi inayofaa, unaweza kuupanga mwisho wa gari uwe ndani ya uvimbe wenyewe. Nyuma ya uvimbe hakifiki kitu.

Wilson alikuja kukiri kwamba katika makala ile mlikuwemo haja ya kulipa fidia. Aliyesaidia kutengeneza bomu alitaka fizikia ileile iponye mtu. Mgonjwa wa kwanza wa protoni alitibiwa Berkeley, California, mwaka 1954. Harvard ilianza 1961, kwa mashine ileile aliyoibuni Wilson.

* * *

Wazo la kutibu kwa protoni likazaa wazo la kupiga picha kwa protoni. Hapo Harvard alikuwepo mtu anayeitwa Andreas Koehler. Mwaka 1968 alichapisha katika jarida la Science picha moja ambayo mimi naiona kama picha ya pasipoti ya fani nzima. Alichukua bonge la alumini, katikati yake akaingiza karatasi nyembamba ya alumini iliyokatwa umbo la kibendera. Karatasi ile iliongeza unene wa bonge kwa asilimia 0.2 tu. Kwa eksirei ya kawaida ingepotea kama chumvi kwenye bahari. Kwa protoni, kibendera kilionekana waziwazi.

Siri ilikuwa ni mwisho wa gari. Koehler alipanga unene wa bonge ulingane karibu kabisa na safari ya protoni, hivi kwamba protoni zilikuwa zinafika kwenye filamu kwa taabu, zikiwa pumzi za mwisho. Ukiongeza unene hata kidogo, nyingi zinaishia njiani. Mabadiliko madogo ya unene yanakuwa mabadiliko makubwa ya weusi kwenye picha.

Kuna Mwafrika katika sura hii, na ana nafasi yake. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956 alikuwa mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town, akaombwa kusaidia kwa miezi michache hospitali ya Groote Schuur kusimamia matumizi ya mionzi. Aliona madaktari wanapanga dozi kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja laini kote, kama ndoo ya maji, wakati mna mifupa, mapafu na mafuta. Akajiuliza: ukipitisha miale kutoka pande nyingi, huwezi kukokotoa kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Akaenda likizo ya masomo kwenye saiklotroni ya Harvard, akarudi Cape Town akajaribu hesabu zake kwa mche wa alumini uliozungushiwa mbao. Alipochapisha, mwaka 1963 na 1964, karibu hakuna aliyejali. Katika kazi hizo alitaja pia kwamba protoni zingefaa. Mwaka 1976 yeye na Koehler walifanya jaribio la skana ya protoni, na mwaka 1979 Cormack aligawana Tuzo ya Nobel na Mwingereza Godfrey Hounsfield kwa kuzaa kile tunachokiita leo CT scan.

Lakini tuzo ilikuwa ya eksirei. Protoni zilibaki pembeni, na sababu yake ni aibu moja kubwa: picha zake zilikuwa na ukungu. Protoni ina chaji ya umeme, na kila inapopita karibu na kiini cha atomu inasukumwa kidogo pembeni. Kidogo hapa, kidogo pale, inatoka upande wa pili ikiwa imepotea njia. Unaweza kujua kwamba kuna kibendera, ila kingo zake zinakuwa kama maandishi ya wino kwenye karatasi iliyolowa. Kwa miaka kama 20 hivi watu wengi waliona hakuna haja ya kujitaabisha.

* * *

Kilichobadilisha mambo ni siasa. Tarehe 23 Septemba 1992 Marekani ililipua bomu lake la mwisho la majaribio chini ya ardhi, kisha ikaacha. Mwaka 1996 mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia ukafunguliwa kutiwa saini. Ni habari njema, hakuna ubishi. Lakini maghala yalibaki yamejaa mabomu yanayozeeka, na wenye nayo walitaka kujua kama bado yako vile yalivyokuwa. Kama huruhusiwi kulipua bomu lenyewe, unalipua baruti yake ya nje tu, ukiweka ndani metali isiyo na madhara ya nyuklia, na unatazama inavyobanika. Yaani walirudi kwenye swali la 1944, lile la chungwa.

Safari hii katika Los Alamos palikuwa na mashine ndefu karibu mita 800, ya kuzipa protoni nguvu ya elektronivolti milioni 800. Ilikuwepo tangu 1972, kwa kazi za fizikia ya kawaida. Protoni zake zinakwenda kwa asilimia 84 ya kasi ya mwanga. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa hapo, miongoni mwao Chris Morris, Tom Mottershead na John Zumbro, waligundua kwamba ile aibu ya protoni ni baraka iliyovaa vibaya. Ndiyo, protoni inasukumwa pembeni kwa sababu ina chaji. Lakini kitu chenye chaji kinaweza kurudishwa kwa sumaku! Ukipanga sumaku nne kwa hesabu sahihi, zinafanya kazi ya lenzi: protoni zote zilizotoka nukta moja, hata kama zimetawanyika, zinakusanywa tena nukta moja, na picha inatokea kichwa chini, kali. Eksirei hazikubali kupindwa hivyo na sumaku.

Zaidi ya hapo, mashine ya protoni inaweza kutema vifungu vifungu, hiki, kisha hiki, kwa mpangilio unaoutaka. Eksirei za kumweka kwa kawaida zilitoa picha moja au chache tu za mlipuko mmoja. Protoni zingeweza kutoa sinema.

Wimbi la mlipuko katika baruti kali hukimbia kama kilomita 8 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Dar ukafika Morogoro kabla nusu dakika haijaisha. Katika mikrosekunde moja linasogea milimita 8. Ukitaka picha isiyo na ukungu, kila picha ichukue sehemu ndogo ya mikrosekunde, na inayofuata ije kabla jambo halijakwisha. Sinema ipo, basi. Nani atakayeitazama?

* * *

Hapa ndipo mafundi wa vigunduzi wanaingia, na mimi kama mpenzi wa maneno nakiri kwamba sura hii ndiyo iliyonivuta kuandika.

Kwanza, protoni lazima igeuzwe mwanga. Inapigishwa kwenye fuwele inayong'aa ikiguswa. Lakini fuwele nyingi zina kasoro ya mtu mwenye kinyongo: zinaendelea kung'aa baada ya jambo kupita. Mwanga wa picha ya kwanza unachafua picha ya pili. Ilihitajika fuwele inayosahau haraka. Ilipatikana kutoka mahali ambapo usingetarajia. Charles Melcher, mtafiti wa kampuni ya Schlumberger, alikuwa akitafuta fuwele za kushushwa kwenye visima vya mafuta ili kupima miamba, akapata moja ya lutetiamu na silikoni, inayofahamika kwa herufi LSO. Mwanga wake unafifia katika nanosekunde 40 hivi, yaani sehemu 40 za bilioni za sekunde. Fuwele hiyohiyo imo katika mashine za hospitali za kutafuta saratani. Jitu limetoka kwenye mafuta, likaenda kwenye mabomu, likaenda wodini.

Pili, mwanga huo unapigwa na kioo ugeuke kona, ili kamera zikae pembeni, nje ya njia ya protoni. Protoni zenyewe zingeziunguza kamera. Kisa cha Rossi kimepata tiba: safari hii kigunduzi kinasema na kinabaki hai.

Tatu, kamera. Kamera ya kawaida ya kidijitali haishindwi kupiga, inashindwa kusoma. Kupokea mwanga ni kazi ya dakika sifuri, lakini kutoa hesabu ya kila pikseli na kuituma kwenye kompyuta kunachukua muda ambao mlipuko ungekwisha mara elfu. Suluhisho la kwanza lilikuwa la Muybridge kabisa. Walipanga kamera kadhaa zikitazama fuwele ileile, kila moja ikifungua kope kwa zamu yake. Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado ni farasi na kamera zake.

Suluhisho la pili likaja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndilo lililobadilisha fani. Kikundi alichokuwemo Kris Kwiatkowski, kwa kushirikiana na watengenezaji wa viwandani, kilitengeneza kamera yenye pikseli 720 kwa 720, yaani zaidi ya nusu milioni, na kila pikseli ikapewa ghala lake dogo la kutunza picha tatu. Tabaka la silikoni la kupokea mwanga liliunganishwa na tabaka la pili la saketi kwa vitone vidogo vya metali, pikseli kwa pikseli. Mlipuko ukitokea, pikseli haitumi chochote. Inameza ya kwanza, inameza ya pili, inameza ya tatu, inafunga mdomo. Vumbi likishatulia, ndipo inasimulia taratibu. Ukiunganisha kamera kadhaa za namna hiyo, unapata zaidi ya picha 20 za mlipuko mmoja.

Nikisoma hivyo nilimkumbuka bibi tena. Msibani alikuwa haulizi, hasemi, anatazama tu. Wiki ikipita ndo anakaa chini anakuhadithia kila kitu kwa mpangilio, nani alilia kweli na nani alijifanya. Kuona ni kazi moja, kusimulia ni nyingine, na mwenye akili hazichanganyi.

Njia hiyo imeonyesha mengi: wimbi la mshtuko likipita ndani ya bati, uso wa metali ukirusha punje ndogondogo, hata metali ikiyeyuka na kuganda. Ujerumani, mjini Darmstadt, na Urusi, huko Protvino, nako ikajengwa mitambo ya kupiga picha kwa protoni.

* * *

Na ile nyumba ya pili, ya uponyaji? Haikulala. Mwaka 1990 Loma Linda, California, palifunguliwa kituo cha kwanza Marekani cha protoni kilichojengwa ndani ya hospitali. Lakini tatizo likajitokeza. Ili kuupanga mwisho wa gari, daktari anatumia CT ya eksirei kukadiria protoni itasimama wapi. Eksirei na protoni hazisafiri kwa sheria moja, kwa hiyo makadirio yanakosea kwa asilimia kama 3. Inaonekana ndogo. Uvimbe ukiwa sentimita 20 ndani, ni milimita 6. Karibu na ubongo au uti wa mgongo, milimita 6 ni umbali wa kati ya kutembea na kutotembea. Daktari anaongeza eneo la usalama, na hapo ile faida ya protoni inaliwa.

Dawa yake ni kumpiga mgonjwa picha kwa protoni zenyewe. Lakini huwezi kummwagia mgonjwa protoni kwa mabilioni kama unavyomwagia bati. Hospitalini inabidi uzihesabu mojamoja: imeingia wapi, imetoka wapi, kwa pembe gani, imebaki na nguvu kiasi gani. Uswisi, kwenye taasisi ya Paul Scherrer, Uwe Schneider na wenzake walifika mbali kiasi cha kuchapisha, mwaka 2004, picha ya protoni ya mgonjwa wa kwanza aliye hai. Alikuwa mbwa. Uingereza, mradi uitwao PRaVDA ulitengeneza vigunduzi vya silikoni, na ulipohitaji protoni za kuvijaribia ulikwenda iThemba LABS, karibu na Cape Town, mji uleule ambako Cormack alipiga hesabu zake. Marekani, watu wa Santa Cruz na Loma Linda walifikia kuhesabu protoni zaidi ya milioni moja kwa sekunde, kila moja na jina lake, tuseme hivyo. Kwa kasi hiyo skana nzima huchukua kama dakika 6.

Dakika 6. Nilipofika hapo niliiweka kalamu chini.

Mwaka 1969 Robert Wilson, akiwa mkurugenzi wa maabara mpya ya Fermilab, aliulizwa na seneta mmoja kama mashine anayoiombea fedha itasaidia kuilinda nchi. Alijibu kwamba haihusiki moja kwa moja na ulinzi, isipokuwa kuifanya nchi iwe na thamani ya kulindwa. Ni jibu maarufu, na watu wa sayansi wanapenda kulirudia. Mimi najiuliza kama alipata kufikiria ya kwamba protoni alizozipeleka hospitalini mwaka 1946 zingerudi Los Alamos kutazama mabomu, na kwamba huko zingepata macho bora kuliko hospitalini.

Kwa haki, si wizi. Mawazo yameazimana pande zote. Fuwele ya visima vya mafuta inatumika wodini, hesabu za hospitali ya Cape Town ziko kila mahali, na bomu lisilolipuliwa kwa sababu lilitazamwa tu ni bora kuliko lililolipuliwa. Lakini mwenye kushika mkoba ndiye anayeamua jicho liwe na haraka kiasi gani na litazame wapi. Kwa mlipuko tumejifunza kutosema "usitikisike". Tunaupiga picha kama ulivyo, kwa masharti yake, katika sehemu ya mikrosekunde.

Anna Bertha alituliza mkono dakika 15. Mgonjwa wa skana ya protoni atalala dakika 6, avute pumzi, aishikilie, asitikisike.